Kadi ya Laki Nane

Sijui nani alibuni kadi ya picha ya kompyuta, lakini nina uhakika hakuwahi kusimama nyuma ya jukwaa kwenye harusi ya Kitanzania. Kadi hii haina adabu ya kukuonya. Inakaa ndani ya kasha lake, feni zinazunguka, taa yake ndogo inawaka kijani, mambo shwari. Halafu bibi harusi anaingia ukumbini, wimbo umefika pale penyewe, wageni wote wamesimama na simu zao juu, ndipo picha ya kwenye skrini inaganda. Tena inaganda bibi harusi akiwa amefumba jicho moja na mdomo uko wazi. Watu wote wanageuka. Hawamgeukii aliyetengeneza kadi, yeye yuko kwao amelala. Wanamgeukia mtu wa skrini.

Mtu wa skrini ni mimi. DJ anacheza muziki, mimi nacheza picha: nachanganya video hapo hapo, kamera mbili za ukumbini, klipu za maua na vimulimuli, majina ya maharusi yanayomeremeta, na moshi wa bandia juu ya moshi wa kweli. Ijumaa sendoff, Jumamosi harusi, na Mungu akijalia, mara moja moja tamasha la bongo fleva ambako angalau msanii hana shangazi wa kuja kuniuliza kwa nini haonekani. Mama mkwe wangu mpaka leo anaamini kazi yangu ni kutafsiri sinema kama DJ Afro wa Kenya. Nimeacha kumsahihisha, kwa sababu ile kazi anaiheshimu zaidi.

Watu wanadhani picha inajiendea tu, unabonyeza inacheza. Laiti. Picha moja ya Full HD ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni 2, na kila pikseli inachukua baiti 4. Hapo fremu moja tu ni MB 8 na ushei. Ukitaka mwendo laini usiochoma macho unahitaji fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo tabaka moja la video linasukuma karibu MB 500 kila sekunde. Mimi sina tabaka moja. Chini kuna mandhari, juu yake kamera, juu yake picha ya bibi harusi ya utotoni, juu yake maua, juu yake majina, na juu kabisa nembo ya mpishi, kwa sababu alipunguza bei kwa masharti. Yote hayo yanatakiwa yachanganywe na kuwa picha moja ndani ya milisekunde 16 na kidogo. Ukichelewa, fremu inarukwa, na binadamu, hata awe amekula pilau na bia ngapi, fremu iliyorukwa anaiona.

Prosesa ya kawaida haiwezi mzigo huo. Kadi ya picha inauweza kwa sababu ndani yake kuna vijikokotoo vidogo vidogo kwa maelfu, RTX 3060 kwa mfano ina 3,584, kila kimoja kikishughulika na kipande chake cha picha. Hata faili zenyewe tunazibadilisha zikae kwa mapenzi ya kadi. Video za kawaida, zile za H.264, zinabana nafasi kwa kuhifadhi tofauti kati ya fremu na fremu, kwa hiyo ukitaka kuirudisha nyuma ghafla au kuruka katikati, kompyuta inabidi ianze kukumbuka ilikotoka. Wale Waholanzi wa Resolume, programu ambayo wachanganya video wengi wanaitumia, wakatunga kodeki yao, DXV, inayofunguliwa na kadi yenyewe. Inaruka mbele na nyuma bila kinyongo. Ubaya wake ni kula diski: dakika moja tu inaweza kufika GB nzima. Kwa hiyo hata kabla hujanunua kadi, umeshanunua diski. Hili wauzaji hulisema taratibu, wasimshtue mtu.

Kadi yangu ya zamani ilikuwa GT 1030 ya GB 2. Ilikula wati 30 tu, haikuomba waya wa ziada, haikupiga kelele. Ila ilikuwa haina kile kifaa cha ndani cha kubana video kwa ajili ya kurusha mtandaoni, na siku hizi hakuna harusi isiyorushwa YouTube. Kuna ndugu Muscat, kuna ndugu Minnesota, wote hao wamechanga na wote wanataka kuona fedha yao ikicheza muziki. Kadi haibani, basi mzigo wote unamwangukia prosesa, prosesa anahema, na mjomba wa Muscat anatuma ujumbe kwenye grupu la familia: "Mbona huku bwana harusi anatembea kwa kuruka ruka?" Ujumbe huo unasomwa na mwenyekiti wa kamati ya harusi. Mwenyekiti ananitazama. Ndiyo maana nikaingia sokoni Kariakoo, kutafuta kadi nyingine.

Kabla ya Kariakoo, niseme kitu kuhusu majina. Kadi hizi zimepewa namba ambazo mtu mwenye akili timamu akizisoma zinamtoa kwenye akili timamu. RTX 3060 ilitoka mwaka 2021 ikiwa na GB 12 za kumbukumbu. RTX 3070, kaka yake, mkubwa na ghali zaidi, ana GB 8. Baadaye ikaja 3060 nyingine yenye GB 8, jina lile lile, ila njia yake ya kupitisha data ni nyembamba. Hata hiyo GT 1030 yangu, kuna ya kumbukumbu ya GDDR5 na kuna ya DDR4, na ya pili ni goigoi kabisa, lakini boksi linaandikwa 1030 na mambo yanaishia hapo. Kwetu ukiita watoto wawili jina moja angalau mmoja anaitwa Mkubwa na mwingine Mdogo.

Duka la kwanza, kijana alinitolea 1050 Ti "mpya kabisa, bosi, imeshuka jana." Boksi zuri, picha ya dude lenye mabawa ya moto. Mimi natembea na flashi yenye programu moja ndogo inaitwa GPU-Z, inayochungulia kadi na kukuambia ni nani hasa. Kijana akaichomeka kwenye kompyuta ya dukani, kwa kiburi cha mtu asiye na wasiwasi. GPU-Z ikafunguka, na pale penye jina la kadi likatangulia neno FAKE, limekaa kwenye mabano, herufi kubwa zote. Ujanja huu ni wa siku nyingi: wanachukua kadi za zamani, zile za familia ya GTX 550 Ti ya mwaka 2011, wanabadilisha maandishi ya ndani ya chipu ya BIOS, na kompyuta inaamini chochote inachoambiwa. Nikamwonyesha kijana kwa kidole. Akaisogelea skrini, akasoma, akanyamaza kidogo.

"Hiyo programu yako ndiyo feki," akasema.

Sikubishana. Nilitoka nikaenda kwa mzee mmoja wa ghorofani anayeleta vitu vilivyotumika kutoka Dubai. Huyu alikuwa na 3060 ya GB 12. Akaapa kwamba ilikuwa ya mtoto wa Kiarabu anayecheza gemu wikiendi tu, siku za shule baba yake anaificha. Nikaigeuza. Kwenye mapezi ya kupoozea kulikuwa na vumbi la kijivu lililoshikana mpaka limekuwa blanketi, bati la nyuma limepauka palipo na chipu za kumbukumbu, na feni moja ukiizungusha kwa kidole inasita kabla ya kusimama. Mtoto huyo wa Kiarabu, kama yupo, alicheza gemu usiku na mchana kwa mwaka na zaidi kwenye chumba cha joto akiwa na wenzake arobaini waliopangwa kwenye shelfu. Ile ilikuwa kadi ya kuchimba sarafu za kidijitali. Ethereum ilipoacha mtindo wa kuchimbwa kwa kadi, Septemba 2022, wachimbaji duniani wakajikuta na malundo ya kadi zisizo na kazi, na malundo hayo lazima yaende mahali.

Niliinunua hivyo hivyo, tena kwa macho makavu. Silikoni haichoki kirahisi. Kinachochoka ni feni na ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, na vyote viwili vinabadilishwa. Ila nilimtaka mzee aseme ukweli ili ashushe bei. Mzee akashusha bei na kuendelea kuapa. Tukakubaliana laki nane.

Nyumbani mama watoto akauliza nimetoka na nini. Nikasema kadi. Akauliza shilingi ngapi. Nikasema laki nane.

"Laki nane? Single au double?"

Sasa hapa ndipo mateso yenyewe yalipo, na wauzaji wote wanalikwepa jambo hili kama deni. Kadi ya picha ni mkwe: haiji peke yake. Inakuja na ukoo, na kila mwanaukoo anataka sehemu ya kulala. Kompyuta nyingi tunazotumia sisi huku ni zile zilizostaafu ofisini, sanduku zuri, prosesa nzuri, na pawa saplai ya wati 240 au 300 ambayo haikuwahi kuota kwamba siku moja itaombwa kulisha harusi. 3060 peke yake inakula wati 170. Tundu la kwenye mazabodi linatoa wati 75 basi. Zilizobaki lazima zije kwa waya maalumu wenye pini nane kutoka kwenye pawa saplai. Pawa saplai yangu haikuwa na waya huo. Watengenezaji wanashauri ya wati 550. Na kompyuta hizi za ofisini mara nyingi zimetengenezewa pawa saplai yake yenyewe, plagi zake zenyewe, umbo lake lenyewe, kwa hiyo huwezi kubadilisha hiyo bila kugusa mazabodi, huwezi kugusa mazabodi bila kugusa kasha.

Nikampelekea fundi. Fundi akaitazama kadi, akalitazama kasha, akasema neno ambalo fundi yeyote akilisema mimi hushika pochi:

"Hiyo ndogo tu, mzee."

Kadi ilikuwa ndefu kuliko nafasi. Akachukua msumeno wa chuma na kukata kile kiota cha kuwekea hard disk, vumbi la chuma likimwagika juu ya meza ile ile yenye mazabodi ya mteja mwingine. Kuhusu pawa saplai alikuwa mwadilifu, namsifu. Kwenye shelfu la jirani kulikuwa na moja iliyobandikwa stika ya wati 600, bei ya kuokota. Akaipokea, akaipima mkononi kama fungu la nyanya, akairudisha. "Hii nyepesi. Ndani hamna kitu, ni stika ndiyo ina wati." Tukanunua nzito. Nzito ikataka kasha jipya. Kwenye kasha jipya, kadi ile kwa uzito wake ikawa inainama upande wa mbele, kwa hiyo akaiwekea kinguzo. Kinguzo nacho kina bei. UPS yangu ya zamani, tulipowasha video ya majaribio, ikapiga yowe moja refu na kuzima, ikabidi itafutwe UPS yenye kifua. Laki nane yangu ikawa ina wadogo zake wengi, na kila mmoja anaitwa "hiyo ndogo tu."

Haya, tukaenda kazini.

Joto la Dar es Salaam nalo mnalijua. Kadi hizi zikifika nyuzi 83 hivi zinaanza kujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, jambo la busara, ila zinafanya hivyo bila kuomba ruhusa kwa MC. Ndani ya turubai, mwezi wa pili, saa mbili usiku, hewa inayoingia kwenye feni tayari imetumiwa na watu wengine. Na DJ naye ana mashine yake ya moshi. Moshi ule unatokana na kimiminika cha glaikoli, na feni ya kompyuta inauvuta kwa raha zake. Baada ya miezi kadhaa fungua kasha upitishe kidole kwenye mapezi, utakuta utando unaonata, vumbi limeganda humo pamoja na vipande vya pambo la dhahabu na, safari moja, mchele wa kurushia maharusi. Nimemwomba DJ asiuelekeze moshi kwangu. Anasema moshi hauelekezwi, unakwenda kwenye hisia.

Kuna ukumbi mmoja nilifunga kila kitu vizuri, nikatoka kidogo kwenda kuomba soda, nikarudi nikakuta kijana wa ukumbi amechomoa waya wa HDMI ili apitishe ekstensheni ya wapishi, na akiwa mtu mwema akaurudishia. Akaurudishia kwenye tundu la mazabodi. Picha ilitoka, ndiyo, lakini ilikuwa inajikokota. Nilihangaika na joto, nikahangaika na draiva, nikamtukana mzee wa Dubai kimoyomoyo pamoja na mtoto wake wa Kiarabu, mpaka nilipopitisha mkono nyuma ya kasha na kugundua waya uko juu badala ya chini. Picha yote ilikuwa inatolewa na kile kigrafiki dhaifu cha ndani ya prosesa. Kadi yenyewe ilikuwa imekaa, inapepewa na feni zake.

"Tundu si lile lile, bro?" kijana akasema.

Lakini hayo yote nayavumilia. Lililoniuma ni hesabu ya skrini. Siku hizi kila ukumbi una ukuta wa LED, na mwenye ukuta anautaja kwa sauti ya chini kama anataja shamba. Ukuta uliozoeleka ni wa P3.91, maana yake kutoka taa hadi taa ni milimita 3.91. Kila kibati kina sentimita 50 kwa 50, na ndani yake pikseli 128 kwa 128. Mteja amelipia ukuta wa mita 4 kwa 3, kitu kinachojaza macho, vibati vinane kwa upana na sita kwa kimo. Nikiwa nasubiri sauti ijaribiwe, nikapiga hesabu kwenye simu. Vinane mara 128 ni 1024. Sita mara 128 ni 768.

1024 kwa 768! Huo ni ukubwa wa projekta za semina za miaka ya 2000, zile zilizokuwa zinaonyesha "malengo mahususi" huku watu wakisubiri chai. Ukuta mzima, na kreni yake, na jenereta yake, na vijana wake wanne wenye fulana nyeusi, haufiki pikseli laki nane. Nikajikuta nimelipa karibu shilingi moja kwa kila pikseli, kabla ya kinguzo. Kadi yangu iliyozaliwa kusukuma 4K, pikseli milioni 8 na zaidi, inatumwa dukani kununua kiberiti. Nikamuuliza mwenye ukuta kama ana wa pikseli zilizobanana zaidi. Akasema upo, P2.6, bei yake waulize wenye hoteli. Akaongeza: "Kwani wageni wanaijua hiyo pikseli?"

Na hawaijui, kweli. Wanachotaka ni picha ya bibi harusi akiwa darasa la pili. Picha hiyo inakuja jinsi gani? Shangazi aliipiga kwa simu kutoka kwenye albamu, juu ya plastiki ya albamu, taa ya sebuleni ikimulika kwenye paji la uso la mtoto. Akamtumia dada yake kwa WhatsApp, dada akapiga picha ya skrini ikiwa na chaji asilimia 9 juu, akamtumia mpambe, mpambe akaikata kichwa kidogo, ikanifikia mimi MC akiwa ameshasema, "Na sasa tutazame kwenye skrini yetu!" Picha yenyewe sasa ina upana wa kitambaa cha leso. Tabaka sita, DXV, vijikokotoo 3,584, wote hao wamepanga mstari kumsubiri mtoto mwenye viraka vya mwanga usoni. Anatokea. Ukumbi mzima unapiga vigelegele, akina mama wanalia. Maua yangu ya fremu 60 yanayodondoka kila petali na kivuli chake, yaliyonichukua usiku kuyatengeneza, hakuna aliyeyaona isipokuwa DJ, na DJ aliuliza kama yanaweza kuwa moto.

Basi juzi, kamati moja ikawa inavunjwa. Sherehe ya kuvunja kamati ni ndogo, nyama choma na hotuba, lakini mwenyekiti alitaka ukuta wa LED uliokuwa umelipiwa siku moja zaidi usiende bure. Akanipa karatasi. Majina ya wachangiaji wote, ahadi, kilicholipwa na kilichobaki. "Yapite taratibu," akasema, "kila mtu ajione."

Nikayaweka. Na hapa lazima niseme, jamani, hapo ndipo kadi ilipofanya kazi yake. Maandishi yanayopanda polepole ndicho kipimo kibaya kuliko vyote, mruko mdogo tu wa fremu jicho linaukamata. Hayakuruka. Yalipanda laini, meupe kwa waliomaliza, mekundu kwa wenye salio, ukubwa wa herufi nusu mita. Hakuna aliyeshika simu. Hakuna aliyetafuna. Mjomba mmoja wa heshima, aliyeahidi kwa maikrofoni mwezi wa tatu, akawa amefika katikati ya ukuta, mwekundu, pamoja na salio lake lote, na kwa mwendo ule alikuwa na safari ndefu bado mpaka juu. Akamtuma kijana kwangu, kijana akainama sikioni:

"Mzee anauliza, hiyo haiwezi kwenda haraka kidogo?"

Nikamwambia kamwambie mzee mashine haina uwezo.